Leseni Mmetupatia, Mikono Hamjaikagua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Kwa Afande Inspekta Jenerali wa Polisi,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha na Kamati yako ya Usalama.

YAH: RAIA TUNAOTEMBEA NA BASTOLA TUFUNDISHWE KUZITUMIA, NA ZAIDI YA HAPO TUFUNDISHWE KUTOZITUMIA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nimekaa na wenzangu sehemu ya nyama choma, barabara ya kwenda Namanga. Meza ya jirani alikuwepo bwana mmoja mnene, mchangamfu, anayefahamika na nusu ya watu waliokuwepo. Akanyanyuka kumlaki mgeni wake. Bastola ikamchomoka kiunoni, ikagonga sakafu, ikateleza hadi karibu na kiti changu. Muziki haukuzimwa, ila maongezi yalikatika meza zote za karibu. Dada mhudumu akainama, akaiokota kwa vidole viwili upande wa mtutu kama anavyookota kijiko kilichoanguka, akaifuta kwa aproni yake na kuiweka mezani pembeni ya sahani ya ndizi. Tundu la mtutu likawa linanitazama mimi. Mwenyewe akacheka, akasema, "Ahsante mdogo wangu, niongezee na bia moja," akairudisha ndani ya suruali. Tukacheka wote.

Na mimi nilicheka. Yangu ilikuwa kiunoni. Nilikuwa nakunywa soda, lakini hilo silitaji kwa kujisifu. Daktari ndiye aliyenikataza pombe, wala si leseni.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini: saruji, nondo, misumari, mabati, rangi. Nina miaka hamsini na sita. Bastola ninayo tangu 2014, kihalali, karatasi zote zipo. Siwaandikii kama mtaalamu wa silaha. Nawaandikia kwa sababu miaka yote hii nimetembea nayo bila kuwa hata mwanafunzi, na wenzangu ninaowajua wenye silaha katika mji huu, wengi wao wako hivyo hivyo.

Mwenye kumbukumbu ya Arusha ya 2013 atanielewa kwa nini tulizitafuta. Mei bomu lilirushwa kanisani Olasiti. Juni jingine likarushwa kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Soweto. Agosti mfanyabiashara mkubwa wa tanzanite akauawa kwa risasi mchana, wilayani Hai, safari fupi tu kutoka hapa. Sisi wa maduka, ambao mauzo ya siku tulikuwa tunayabeba wenyewe jioni ndani ya mfuko wa saruji ili yasionekane, tukaanza kutazamana. Fulani kachukua fomu. Fulani naye kachukua. Kufikia Krismasi nami nilikuwa na fomu yangu.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda kata, wilaya, nikafika mkoani. Niliulizwa kama nina kesi, kama nalewa, kama nagombana na mke wangu, nimepata wapi fedha. Nilichukuliwa alama za vidole. Majirani waliulizwa habari zangu, na mmoja alikuja kunidai soda kwa kunisemea vizuri. Sina lawama yoyote na hayo. Mtu anayetaka silaha lazima achunguzwe mpaka achoke. Lakini katika milango yote niliyopita mimi, na sitaji mlango wa nani, hakuna hata mmoja ulioniuliza swali hili: mzee, unajua kuishika?

Aliyeniuzia alinielekeza kwa dakika kumi juu ya kaunta. Hapa unaingiza magazini, hapa unakoki, hii ndiyo sefti. Waheshimiwa, mimi nikimuuzia fundi mashine ya kukatia vigae namweleza kwa muda mrefu kuliko huo, na mashine ya vigae haijawahi kukata mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kisha ukaja uhakiki wa silaha wa 2016. Nikajipanga foleni na bastola yangu na makaratasi. Namba ya silaha ikasomwa, ikalinganishwa na leseni, risasi zikahesabiwa. Nilidhani baada ya chuma na karatasi watafika na kwenye mikono. Nikaambiwa, "Ahsante mzee, anayefuata." Miaka mitano ya mwanzo sikufyatua hata risasi moja. Ilikuwa inakaa kiunoni kama simu.

Sasa niwaeleze usiku wa Julai 2019, ambao sijawahi kuueleza hadharani.

Arusha ya Julai mnaijua, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Nilivaa sweta zito na juu yake koti. Nilipitia buchani, nikanunua kilo mbili, nikaendesha hadi nyumbani. Nikapiga honi getini, nikashuka kwa sababu geti letu lina upande mmoja unaogoma. Nyuma yangu pikipiki ikasimama, taa yake imezimwa, watu wawili. Mmoja akaruka chini akaja mbio upande wangu, mkono wa kulia kauingiza ndani ya jaketi.

Nilichofanya sikukifikiri. Mkono ulikwenda kiunoni wenyewe. Bastola ikanasa kwenye sweta, uzi umeshika kwenye ncha ya kulengea. Nikavuta mara ya pili, sweta likachanika, nikasikia linavyochanika. Ikatoka. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaielekeza kifuani kwa yule mtu, na yule mtu alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na minne ambaye alikuwa ametoa simu yangu ndani ya jaketi lake na kuishika mbele kwa mikono yote miwili, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa anavyompa mkubwa kitu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Umesahau simu kwenye mizani."

Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye tundu.

Mlinzi wetu ni Mmasai wa Longido, mtu wa makamo. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, shuka begani, rungu lake likiwa chini. Hakuwa ameliinua. "Mzee," akaniambia taratibu, "huyo ni mtoto wa buchani." Baadaye nikamuuliza alijuaje gizani. Akasema alimwona amevaa gambuti. Mwizi haji na gambuti, atakimbiaje? Huyu bwana alianza kushika fimbo akichunga ndama, akafundishwa na wakubwa zake lini inainuliwa na lini inabaki chini, akafundishwa mpaka ikawa damu. Mimi nilikuwa na silaha ya kuua mtu mita hamsini, nimefundishwa dakika kumi.

Je, nilivuta kifyatulio? Sijui. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui. Ninachojua ni kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ilikuwa tupu, kwa sababu nilikuwa naogopa kutembea nayo ikiwa imekokiwa. Woga wa mtu asiyejua ndio uliomwokoa yule mtoto. Nilimpa elfu kumi. Hadi leo sielewi nilikuwa nalipa nini. Ni kijana mkubwa sasa, ana pikipiki yake, na akiniona anavuka barabara.

Baada ya hapo nilimtafuta staff sajenti mmoja mstaafu wa jeshi, mteja wangu wa mabati. Nikamwomba anifundishe. Akaja Jumapili sita, uani kwangu, baada ya ibada. Sharti lake la kwanza lilikuwa risasi zote zikae ndani, zimefungiwa, ufunguo anao mama watoto. Somo la kwanza halikuwa la shabaha. Lilikuwa la nguo. Alinivalisha lile koti, akaniambia nitoe silaha tupu mara hamsini, na mara hamsini nikaonekana kama mtu anayetafuta chawa. Kisha akanionyesha jinsi ya kupandisha nguo kwa mkono wa kushoto ndipo wa kulia uchukue. Kitu kidogo, cha dakika mbili. Nilikaa na bastola miaka mitano bila kitu cha dakika mbili.

Somo la pili ni kanuni nne ambazo nilikuja kugundua kwamba walimu wa bastola duniani kote wanazifundisha. Alizizagaza sana Mmarekani mmoja, mwanajeshi mstaafu aitwaye Jeff Cooper, aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976. Silaha yoyote ihesabu kwamba ina risasi. Mtutu usiuelekeze kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na umeshaamua. Na ujue unachokilenga ni nini, na nyuma yake kuna nini. Turudini mezani kwenye nyama choma mkihesabu: yule bwana, yule dada na sisi tuliocheka tulivunja ngapi kwa nusu dakika? Na mimi getini, je? Ya nne niliivunja yote, maana sikujua ninachokilenga, na nyuma yake palikuwa na dereva wa pikipiki, na nyuma ya dereva ni dirisha la jirani.

La tatu ndilo lililonivunja moyo, na nawaomba mlijaribu wenyewe. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City huko Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio rahisi. Alitaka kujua mtu mwenye kisu anachukua muda gani kukufikia akiwa umbali wa futi 21, yaani kama mita sita na nusu. Jibu: sekunde moja na nusu hivi. Muda huo ndio askari aliyezoea anahitaji kutoa bastola na kufyatua. Aliyezoea, nasema.

Staff akachukua tepu ya kupimia, nashukuru dukani hazikosekani, akapima uani. Akamsimamisha mpwa wangu upande wa pili na mwiko wa ugali mkononi. Mimi nikapewa tochi, nikaiweka kiunoni ndani ya koti. "Akianza kukimbia, toa." Mara ya kwanza mwiko ulinifikia tumboni mkono wangu ungali unatafuta pindo la sweta. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu niliitoa tochi na kuiangusha. Watoto walicheka mpaka mama yao akatoka jikoni kuona kuna nini. Mara ya saba staff akaniambia, "Sasa acha kutoa. Sogea pembeni. Zunguka nyuma ya gari." Nikazunguka nyuma ya gari, na mwiko haukunipata. Hilo ndilo funzo zima la kujihami nililolipata maishani, na halikuhusu kufyatua chochote.

Waheshimiwa, watu wengi wanadhani bastola ni kama bima, ukishakuwa nayo umekingwa. Hofu ikikupata, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, macho yanabana kama unachungulia kwenye bomba, masikio yanaziba. Hata polisi wenye mafunzo wanakosa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipoangalia polisi wa New York, taarifa yake ya 2008 ilionyesha kwamba katika kurushiana risasi ni asilimia 18 tu ya risasi za askari zilizompata mlengwa. Wale wanalipwa mshahara, wanafundishwa, wanapimwa. Nne kati ya tano zinakwenda kwingine. Nendeni mtaa wa Unga Limited mkaangalie hizo zingine zitaishia wapi: vyumba vya mbao na mabati, mama anakaanga maandazi ukutani kwa jirani, watoto wanafanya homwoki kitandani. Mabati ninayauza mimi. Geji 30 haizuii hata jiwe la mtoto.

Halafu kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya Wamarekani havina. Chomoa bastola sokoni Kilombero saa kumi jioni uone. Hauna sare. Umevaa koti. Kwa watu waliokuzunguka wewe ni jambazi, na neno moja tu likipigwa, "mwizi!", mawe yatakuja kabla haujasema una leseni. Na polisi wakifika, watamwona nani? Watamwona raia mwenye silaha mkononi na mtu mwingine yuko chini. Nani amewahi kutufundisha tufanye nini wakati huo? Kuiweka chini, mikono juu, kusema kwa sauti nani ni nani. Hata wenye sare hukoseana. Westgate, Nairobi, Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka, raia wenye bastola za leseni waliingia mle ndani kuokoa watu, na baadhi yao walikuwa wamezoea kufanya mazoezi pamoja. Wanastahili heshima. Lakini siku hiyohiyo, katika mkanganyiko, afisa wa kikosi maalumu cha polisi alipigwa risasi na wanajeshi wa upande wake. Kama hao walikoseana, mimi muuza misumari nitaachwa vipi nijifunzie siku ya tukio?

Sheria nayo hatuijui. Ukikaa na wenye silaha utasikia, "Akiingia ndani kwangu namlaza, basi." Kanuni ya Adhabu haisemi hivyo. Vifungu vyake vya kujihami vinakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali, lakini vinakuwekea mpaka: nguvu iwe ile tu ya lazima na yenye kiasi, na ukizidisha unawajibika kwa kosa litakalotokea. Vinasema pia lini haki hiyo inafika hadi kusababisha kifo. Kuua kwa kukusudia adhabu yake katika nchi hii ni kunyongwa. Mimi nilivisoma vifungu hivi baada ya miaka mitano ya kubeba silaha, kwa simu, foleni ya benki. Leseni yangu ingetakiwa kuja baada ya mtu kunisomesha hivyo mpaka nivielewe, na kuniuliza maswali: huyu kakunyang'anya mkoba na anakimbia, unafanya nini? Huyu yuko ndani ya geti lakini amelewa na amekosea nyumba? Huyu ana panga lakini kati yenu kuna ukuta?

Nikimaliza kulalamika, ninachoomba ni hiki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ilishika nafasi ya ile ya 1991 na ilikaza mengi. Kazeni na hili, lifanyike kweli. Raia asikabidhiwe bastola kabla hajakaa darasani na kusimama kwenye uwanja wa shabaha, akapimwa kwa vitendo, na akifeli arudi tena. Leseni ikihuishwa, mikono nayo ihuishwe. Na sisi wa zamani tusiachwe kwa sababu ya mvi. Sisi ndio wabaya zaidi, tumezoea. Afrika Kusini mwenye bastola ya kujihami anatakiwa kwanza kupata cheti cha umahiri baada ya mafunzo, na leseni yake inadumu miaka mitano. Marekani kwenyewe, nchi ambayo kila mtu anaitolea mfano, haina sauti moja. Zaidi ya nusu ya majimbo yake sasa yanamruhusu mtu kuficha bastola na kutembea nayo bila kibali chochote. Lakini Illinois inadai saa 16 za mafunzo, na New York tangu 2022 inadai saa 16 za darasani na saa 2 za kufyatua. Nani anataka kuiga wale wa kwanza? Mimi sitaki. Mji huu una daladala, una bodaboda, una soko. Hatuna nafasi ya risasi kupotea.

Wapi na nani? Hapa ndipo ninaposhangaa kuliko kote. Mtoto wa shule ya msingi akitazama ramani ya kwetu ataona. Magharibi kuna Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi. Mashariki kuna Moshi, shule ya polisi. Juu ya Moshi kuna Mweka, chuo cha wanyamapori, ambacho kimekuwepo tangu 1963. Hifadhi za Taifa makao yao makuu yako hapa Arusha, na askari wao wanaishi na bunduki. Katikati ya haya yote wamejaa wastaafu wenye miaka thelathini ya kufundisha kuruti, wanafuga kuku wa mayai Usa River na Ngaramtoni, wanangoja pensheni. Staff wangu ni mmoja wao. Sidhani kama kuna sehemu nyingi katika nchi hii zenye walimu wengi wa silaha namna hii, na bado sisi tunafundishwa na muuzaji kaunta.

Gharama tulipe wenyewe. Mtu aliyeweza kununua bastola hawezi kusema ada ya siku tatu imemshinda. Msitoe hata shilingi moja ya zahanati kwa ajili yetu.

Najua mtakachohofia, maana na mimi ni Mtanzania: cheti cha mezani. Tutaambiwa mafunzo ni lazima, na baada ya miezi sita kutakuwa na kijana stendi anaviuza na muhuri wake. Leseni za udereva tumeziona. Kwa hiyo naomba mafunzo yafanyike mahali pamoja panapojulikana, mtihani utolewe na watu wasio waliofundisha, na kila mtu apigwe picha akiwa kwenye mstari wa kufyatua, tarehe ionekane. Si kinga kamili. Ila ni vigumu kumlipa mtu akashikie bastola kwa niaba yako huku uso ni wa kwako.

Wapo watakaosema kuwafundisha raia ni kuwaongezea hamu ya silaha. Kwangu ilikuwa kinyume. Kabla ya zile Jumapili sita nilikwenda nayo kila mahali, harusini, msibani, hata kwenye kikao cha shule ya mtoto, Mungu anisamehe. Baada ya ule mwiko wa ugali nimeiacha nyumbani siku nyingi kuliko nilizoibeba, kwenye kisanduku cha chuma kilichopigiliwa ukutani. Fedha za dukani siku hizi nyingi zinaingia kwa simu, na zilizobaki nazipeleka kwa wakala mchana, watu wakiwepo. Sipiti buchani usiku. Geti nimelitengeneza, upande wote unafunguka, sishuki tena garini. Hayo yote ni kujihami, na hakuna hata moja linalohitaji risasi.

Mama watoto anasema mngeichukua kabisa, na mkifika uamuzi huo hatalia. Nimemsikiliza. Nusu ya moyo wangu iko upande wake. Nusu nyingine inakumbuka 2013, na inakumbuka kwamba nyumba yetu iko mwisho wa barabara ya vumbi na gari la polisi likiitwa usiku linachukua muda wake. Sitajifanya kwamba nimeshaamua. Ila hii ya sasa, ya kuachiwa silaha bila kufundishwa, haifai kwa yeyote kati yetu, si kwake, si kwangu, si kwa yule kijana anayevuka barabara.

Neno fupi kuhusu walinzi wa makampuni, ingawa wanastahili barua yao. Ukisimama mlango wa duka lolote kubwa mjini utamkuta kijana na shotigani, mtutu umeangalia miguu ya wateja au kichwa cha mwenzake aliyekaa kwenye ngazi. Tazameni mtutu huo mnapopita. Ninyi mnapita na msafara, sisi tunapita kila siku.

Yule bwana wa nyama choma nilimfuata wiki iliyofuata dukani kwake. Nilimweleza habari za uani, za tochi na mwiko. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza staff anachukua bei gani. Sasa tuko watano tunaokutana Jumapili, silaha tupu, risasi zimefungiwa. Kwenye uwanja wa shabaha hatujawahi kufika, kwa sababu hatujui ni mlango gani raia anabisha hodi kuomba kufundishwa kihalali. Tunaomba mtuonyeshe mlango huo.

Mkitaka watu wa kuanzia, anzeni na sisi watano. Nikifeli mtihani wenu, bastola itabaki kituoni siku hiyohiyo na sitakata rufaa. Jina langu, namba ya leseni na namba ya silaha nimeviandika kwenye nakala iliyoletwa ofisini kwenu kwa mkono. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni, Jumapili tuko uani.

Wenu mtiifu,
Mmiliki wa silaha kihalali,
Arusha